Wakubwa Wakishindana, Mfuko wa Uvumbuzi Hufunguliwa kwa Nani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya viongozi wa matawi na vijana wa chama



Tumeombwa tuzungumze habari za mashindano ya mataifa makubwa, na jinsi yanavyogusa fedha za kuendeleza uvumbuzi wa mitambo na elimu mpya. Huenda wako kati yetu wanaosema moyoni kwamba hayo ni mambo ya mabwana wa benki na wa vyuo vikuu, na kwamba mkutano wa chama ungefaa kuzungumza habari za kadi, ada na bei ya mazao. Sisi twasema sivyo. Kijana aliyebuni mtambo wa kukaushia mihogo, akazunguka ofisi hii na ofisi ile akitafuta mtaji, na mwisho akaambiwa kwamba mfadhili "amebadili mwelekeo", kijana huyo amekwisha kuguswa na mashindano ya Washington na Beijing, ajapokuwa hajui. Na jambo linalomgusa mwananchi ni jambo la chama.

Katika lugha yetu neno dola lina maana mbili. Dola ni serikali yenye nguvu, na dola ni fedha ya Kimarekani. Leo twataka kuonyesha jinsi dola ya kwanza inavyoamuru dola ya pili iende wapi, isimame wapi, na irudi lini.

Tuanze na mambo ya zamani kidogo, maana mwalimu mzuri hujenga somo jipya juu ya somo la jana.

Tarehe 4 Oktoba, 1957, Urusi ya Kisovieti ilirusha angani Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu. Lilikuwa tufe dogo tu lenye uzito wa kilo 83 na zaidi kidogo, lakini Marekani nzima ilishtuka. Kwa nini? Kwa sababu roketi iwezayo kupeleka tufe angani yaweza pia kupeleka bomu mpaka nchi ya mbali. Hofu ikaingia, na hofu ikafungua mfuko. Sikilizeni yaliyofanyika katika mwaka mmoja tu wa 1958. Mwezi wa Februari liliundwa shirika la ARPA la kugharamia utafiti wa mambo ambayo hakuna tajiri ambaye angethubutu kuyatilia fedha. Julai ikapitishwa sheria ya kuanzisha NASA. Agosti ikapitishwa sheria ya kuwawezesha watu binafsi kukopa fedha za serikali na kuzitia katika makampuni madogo. Septemba ikapitishwa sheria ya elimu, nayo ikapewa jina la elimu kwa ulinzi wa taifa.

Sisi tuliopita katika chuo cha ualimu twapenda kuikazia hiyo ya Septemba. Wamarekani walipoona wameachwa nyuma katika roketi, hawakununua bunduki peke yake. Walikwenda shuleni. Walitoa mikopo kwa wanafunzi, wakatia fedha katika hesabu, sayansi na lugha za kigeni. Hata Kiswahili chetu hiki kilipata kufundishwa katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani kwa msaada wa sheria hiyo. Ndugu zangu, taifa kubwa lilipoogopa liliona faida ya kujifunza lugha yetu. Je, sisi wenyewe twaona faida gani ya kufundisha sayansi kwa lugha yetu?

Tena angalieni namna fedha zile zilivyofanya kazi. Katika mwaka 1958 na 1959 wahandisi wawili, Jack Kilby na Robert Noyce, kila mmoja kwa njia yake, walivumbua namna ya kuunganisha sehemu nyingi za umeme katika kipande kimoja kidogo, yaani kile tunachokiita leo chipu. Mwanzoni kitu hicho kilikuwa ghali mno, wala hakuna mwenye duka ambaye angekitia katika redio ya kuuza kwa watu. Aliyekinunua ni serikali: kwa makombora ya Minuteman, na kwa kompyuta ya chombo cha Apollo cha kwenda mwezini. Kwa kuwa serikali ilinunua kwa wingi na kwa bei kubwa, viwanda vilijifunza kutengeneza vizuri zaidi, bei ikashuka, na ndipo chipu zikaingia katika mashine za watu wa kawaida. Kadhalika mtandao wa ARPANET, ulioanza mwaka 1969 na ambao ndio mama wa intaneti, ulilipiwa na shirika lile lile lililozaliwa kwa hofu ya Sputnik.

Kwa hiyo lishikeni hili la kwanza: serikali ile haikuwa mtoaji wa ruzuku tu. Ilikuwa mteja wa kwanza. Mvumbuzi asiye na mteja wa kwanza ni kama mkulima mwenye mavuno mengi na barabara hana.

Walakini tusisifu kupita kiasi. Fedha iletwayo na hofu huondoka pamoja na hofu. Wanaanga walipotua mwezini Julai 1969 na mashindano yakaonekana yamekwisha, safari tatu za Apollo zilizokuwa zimepangwa zilifutwa mwaka uliofuata. Na upande wa pili, Urusi ya Kisovieti, yenye wahandisi hodari waliobuni kompyuta zao wenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1960 iliamua kufuata mtindo wa kompyuta za kampuni ya IBM ya Marekani. Walidhani watafika upesi kwa kunakili. Matokeo yake walikuwa nyuma siku zote, maana anayenakili daftari la mwenzake hawezi kumaliza kabla ya mwenzake. Mashindano yaliwapa mtaji, lakini yaliwapokonya njia yao.

Sasa tuje kwenye mashindano ya siku zetu, ya Marekani na Uchina, nayo yamekazana hasa juu ya zile zile chipu.

Mwaka 2014 serikali ya Uchina ilianzisha mfuko mkubwa wa taifa wa kuendeleza viwanda vya chipu, na mwaka 2015 ikatangaza mpango wa kujitosheleza katika viwanda vya hali ya juu. Marekani ikaona hatari. Mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuongeza nguvu za kamati inayochunguza fedha za kigeni zinazoingia katika makampuni yake, na tangu hapo mtaji wa Kichina ukawa mgeni asiyekaribishwa katika makampuni ya elimu mpya huko California. Agosti 2022 ikapitisha sheria ya kutenga karibu dola bilioni 52 kwa ajili ya viwanda na utafiti wa chipu nyumbani kwake. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo ikazuia chipu bora na mitambo ya kuzitengenezea isiuzwe Uchina. Agosti 2023 Rais akatoa amri ya kuzuia fedha za Wamarekani wenyewe zisiingie katika makampuni ya Kichina yanayoshughulikia chipu, akili mnemba na kompyuta za kwanta, na amri hiyo ikaanza kutumika tarehe 2 Januari, 2025.

Zamani walichunguza fedha zinazoingia. Sasa wanachunguza na zinazotoka. Mlango umetiwa komeo pande zote mbili. Hata kampuni ya Sequoia, mojawapo ya makampuni makubwa kabisa ya kutia mtaji katika uvumbuzi, ilitangaza Juni 2023 kwamba itagawanyika vipande vitatu: kimoja cha Marekani na Ulaya, kimoja cha Uchina, kimoja cha India na Asia ya Kusini-mashariki. Matajiri walikuwa wakisema kwamba mtaji hauna taifa. Siku dola ziliponuniana, mtaji ulitakiwa uonyeshe pasi yake ya kusafiria.

Na Uchina je? Haikukaa kulia. Mei 2024 iliunda awamu ya tatu ya mfuko wake wa chipu, yenye mtaji wa yuan bilioni 344. Januari 2025 kampuni ya Kichina iitwayo DeepSeek ilitoa programu ya akili mnemba iliyoshindana na zile za Kimarekani, na tarehe 27 ya mwezi huo thamani ya hisa za kampuni ya Nvidia, mwuza chipu mkubwa wa Marekani, ilianguka kwa karibu dola bilioni 600 kwa siku moja. Aliyefungiwa mlango alitafuta dirisha. Wala si kwamba kila mlango amekwisha kuupita. Mitambo bora kabisa ya kuchapia chipu bado hutengenezwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi, nayo imezuiwa kumwuzia. Lakini twaona kwamba kunyimwa hakuui akili ya watu waliokwisha kusomeshwa.

Ndugu wanachama, hapa yatupasa tusimame kidogo tufikiri. Katika miaka ya 1980 na 1990 nchi zetu zilipokopa ziliambiwa kwamba kazi ya serikali si kufanya biashara. Uzeni viwanda, punguzeni ruzuku, liacheni soko liamue. Tukauza, na viwanda vingine vikageuka maghala. Leo wakubwa wenyewe wanafanya nini? Agosti 2025 serikali ya Marekani ilichukua karibu asilimia 10 ya hisa za kampuni ya Intel. Hatusemi hayo kwa kuwacheka. Twasema ili kijana wetu akiambiwa tena kwamba serikali kusaidia kiwanda ni dhambi, ajue kujibu kwa adabu na kwa ushahidi.

Basi sisi tulio katikati tumo wapi? Wazee wetu wametuachia methali mbili. Ya kwanza yasema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ya pili yasema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Zote mbili ni za kweli. Shida ni kujua sisi ni nyasi au ni kunguru, na tofauti ya kunguru na nyasi ni kwamba kunguru ana mabawa.

Tutazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Reli ya Uhuru. Tanzania na Zambia zilipotaka reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nchi za Magharibi zilisema haina faida. Uchina, iliyokuwa ikishindana na Magharibi na pia na Moscow, ilikubali: mkopo wa yuan milioni 988 bila riba, na reli ya kilomita 1,860 ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Hapo tulikuwa kunguru. Lakini baada ya makofi, vipuri na vichwa vya treni viliendelea kutoka ng'ambo, na reli ikadhoofika mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 2024 ikabidi kutia saini makubaliano mengine huko huko Beijing ya kuifufua. Na sasa, upande wa Atlantiki, Marekani na Ulaya wanaisaidia njia ya reli ya Lobito, inayotoka Kongo kupitia Angola. Reli moja yaelekea mashariki, nyingine magharibi, na zote mbili zatafuta shaba na kobalti ile ile. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa ya kobalti hiyo husafishwa Uchina. Wakubwa wanashindana nani atajenga njia ya kuyatoa mawe. Mashindano ya kujenga kiwanda cha betri hapo hapo penye mawe bado hayana moto huo. Kongo na Zambia zilikubaliana Aprili 2022 kushirikiana katika jambo hilo, na Desemba mwaka huo Marekani ikatia saini ya kuwaunga mkono. Tuyapime maneno hayo kwa kiwanda kitakachosimama, wala si kwa picha za waliotia saini.

Mfano wa pili ni Ethiopia. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria ya kuunda shirika la DFC, lililopewa wakati huo uwezo wa kutia hadi dola bilioni 60 katika nchi kama zetu, na wala haikuficha kwamba lengo mojawapo ni kushindana na fedha za Uchina. Mwaka 2021 Ethiopia ilipouza leseni ya simu, kundi lililoongozwa na Safaricom ya Kenya, pamoja na Vodafone, lilishinda kwa dola milioni 850, nalo lilikuwa limeahidiwa na shirika hilo mkopo wa hadi dola milioni 500. Ilitangazwa kwamba fedha hizo zisinunue vifaa vya makampuni ya Kichina. Kundi lililoshindwa lilikuwa na fedha za Kichina nyuma yake. Ethiopia ilipata bei nzuri, na hapo mashindano yaliisaidia. Lakini mwone sharti lilivyo: ahadi ya mkopo wa kuwaunganishia simu wakulima wa Ethiopia ilikuja na ugomvi wa watu wengine umefungwa ndani yake.

Mfano wa tatu hauna ugomvi wa wakubwa, lakini una somo kubwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Mbegu yake ilikuwa karibu pauni milioni moja za serikali ya Uingereza, na kiasi kama hicho kutoka kwa Vodafone. Fedha kidogo namna hiyo, tena kwa shida ya kweli ya watu, yaani kutuma fedha nyumbani, zilizaa jambo ambalo dunia nzima ilikuja kujifunza. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini nani alimiliki? Mpaka mwaka 2015 mitambo iliyotunza hesabu za M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani, na jina lenyewe lilikuwa mali ya Vodafone hadi mwaka 2020, Safaricom na Vodacom walipolinunua. Mtoto alizaliwa kwetu, cheti cha kuzaliwa kikawekwa ng'ambo.

Sasa twasema nini?

Wako wanaosema tuchague upande mmoja, tukae kimya, tulishwe. Hao twawakumbusha mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada la USAID kwa uamuzi wa nyumbani kwake. Kati ya vilivyokatwa ni kitengo kilichokuwa kikigharamia majaribio ya wavumbuzi katika nchi maskini tangu mwaka 2010. Hakuna mwananchi wetu aliyepigiwa kura ya kuulizwa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Na wako wanaosema tukatae kila fedha ya nje. Hao nao twawaheshimu kwa moyo wao, lakini mkono mtupu haulambwi. Mifuko yetu ni midogo, na kukataa kila kitu ni kumwambia yule kijana wa mihogo angojee miaka ishirini. Gharama hiyo hailipwi na msemaji jukwaani. Hulipwa na yule kijana.

Njia yetu ni ya tatu, nayo ni ngumu zaidi kwa sababu yahitaji watu wanaosoma mikataba. Kila fedha ya uvumbuzi ijapo, itoke Washington, Beijing, Brussels, Moscow au Ghuba, tuiulize maswali manne. Kwanza, kitakachovumbuliwa kitakuwa mali ya nani? Pili, fedha hii yatukataza kununua au kujifunza kwa mwingine? Tatu, je, vijana wetu watajua kuunda na kutengeneza, au watajua kubonyeza tu? Nne, ugomvi wao ukiisha kesho na mfuko ukifungwa, nani ataendeleza? Mkataba usioweza kujibu maswali haya mbele ya wananchi usitiwe saini gizani.

Pamoja na hayo hatuna budi kuwa na kibubu chetu wenyewe. Serikali za Afrika zimekwisha kukubaliana kila nchi itumie angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na nchi nyingi bado hazijafika hapo. Kenya katika sheria yake ya mwaka 2013 iliandika asilimia 2. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1986, ina mfuko wa taifa wa sayansi, na tangu mwaka 2019 ina mashindano ya MAKISATU ya kuwatafuta wabunifu mpaka vijijini. Vyombo basi tunavyo. Kinachopungua ni kuvijaza, na kuvisimamia ili fedha ya kijana isigeuke posho za semina.

Na tukumbuke lile somo la Minuteman, bila ya makombora yake. Serikali zetu hununua madawati, pampu za maji, dawa, mita za umeme na programu za hospitali. Sehemu ya manunuzi hayo ikitengwa kwa mvumbuzi wa nyumbani aliyepimwa na kuonekana anafaa, tutakuwa tumempa kilicho bora kuliko zawadi: tutakuwa tumempa mteja wa kwanza. Tena Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane na watu zaidi ya milioni 300. Nchi moja ikikataa sharti baya, jirani akilikubali, sote tumeshindwa. Tukikataa pamoja, atakayekuja na fedha atakaa kitako tuzungumze.

Ndugu viongozi wa matawi, tusiondoke hapa na maneno matupu. Kabla ya mkutano ujao, kila tawi liandike orodha ya mafundi na wabunifu walio katika eneo lake, wake kwa waume, na kazi ya kila mmoja. Kila tawi limwulize diwani wake na mbunge wake: katika bajeti ya mwaka huu, fedha ya utafiti ni kiasi gani, na imefika wapi? Na ninyi walimu wenzetu, msimpige kijana anayefungua redio ya shule kuona ndani mna nini. Mpeni bisibisi.

Wakubwa wataendelea kushindana. Hilo hatuwezi kulizuia. Lakini katika mashindano hayo kuuzwa au kuuza, kupangiwa au kupanga, hayo yamo mikononi mwetu. Tukalime huku tumeshika jembe letu wenyewe.